Mechthild Ostendarp, Aliyefungashiwa Nguo za Usiku Mmoja

Tunayemsindikiza leo, Bibi Mechthild Ostendarp, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1938 katika mtaa wa Lerchenweg, hapa Osnabrück, kwenye nyumba ambayo baba yake, Clemens Wessling, fundi mwashi, aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Clemens na Agnes. Mdogo wake ni Bi. Elfriede, aliyeketi hapa mbele. Clemens alipelekwa vitani mashariki, na tangu mwaka 1944 hakuna aliyejua kama yu hai au amekufa. Nyumba hiyo tumeitaja mapema kwa sababu maisha ya marehemu hayasimuliki bila nyumba hiyo.

Waingereza waliingia mjini Aprili 1945. Mwezi Juni ofisa mmoja alibisha hodi, akavua kofia, akaeleza kwamba nyumba inahitajika kwa maofisa, na kwamba familia itakaa nje kwa "fotnait". Kwa Waingereza neno hilo ni wiki mbili. Agnes hakujua Kiingereza. Alichosikia ni maneno mawili ya Kijerumani chetu yaliyoshikana: fort, kuondoka, na Nacht, usiku. Akaelewa kwamba wanaondoka usiku mmoja. Basi akafungasha magauni matatu ya kulalia, mkate na sabuni. Sahani zake za arusi, zile zenye ukingo wa bluu, aliziacha kabatini. Unga aliokwisha kuukanda aliufunika kitambaa uumuke. Mechthild alikuwa na miaka saba, akataka kumbeba mwanasesere wake. Mama yake akamwambia, "Mwache alinde nyumba. Kesho tunarudi."

Kumbe wote wawili walikosea, mama na ofisa. Kambi ya Waingereza, iliyopakana na nyumba hiyo, ilikaa miaka sitini na minne.

Walihamia mtaa wa Schinkel, chumba kimoja juu ya duka la mikate la mjomba. Marehemu alisoma shule ya msingi ya hukohuko hadi mwaka 1952. Hesabu alizipenda, na alitamani kuendelea, lakini nyumbani palihitajika mikono, si madaftari. Kila Jumapili baada ya misa, Agnes aliwachukua wanawe hadi kwenye lango la kambi. "Baba yenu akirudi atagonga mlango ule," aliwaambia. "Hajui mwingine." Alimsihi mlinzi kwamba akija mwanamume mwenye kovu kidevuni, aelekezwe Schinkel kwenye duka la mikate. Lakini vikosi vilikuwa vinapishana kila baada ya muda, kila kimoja na kofia yake, na mlinzi mpya ilibidi afundishwe upya. Ndipo Mechthild alipojifunzia Kiingereza, hapo langoni, na kama mjuavyo askari, matusi yalitangulia. Kasisi wa jeshi alipotembelea shule, yeye ndiye aliyechaguliwa kumwamkia kwa Kiingereza. Kasisi aliiva wekundu mpaka masikioni, akasema ahsante.

Mwaka 1954 aliajiriwa kufua nguo kambini. Wakati huo nyumba nyingi zilizochukuliwa zilikuwa zinarudishwa kwa wenyewe. Ya akina Wessling haikurudishwa. Ilikuwa imebanana na ukuta wa kambi, ikawekwa ndani ya uzio, na karatasi za fidia zikaletwa. Agnes alikataa kuzitia saini. "Nikisaini," alisema, "nitakuwa nimemwambia Clemens asirudi." Hakusaini mpaka alipofariki mwaka 1977, na Clemens hakurudi.

Siku moja mwaka 1956 Mechthild alitumwa kusaidia kwenye karamu ya maofisa, akajikuta amepelekwa kwenye nyumba yao. Aliingia jikoni akavaa aproni, akafungua kabati la kona bila kuuliza, akatoa bakuli. Mke wa ofisa, mama mpole aliyeitwa Bi. Pickersgill, akashangaa.

"Umejuaje kwamba mabakuli yamo humo?"

"Nimezaliwa humu, mama."

Bi. Pickersgill akamvutia kiti, akamwekea chai yenye maziwa, akasema, "Basi kaa, mpenzi. Jisikie uko nyumbani."

"Ahsante," Mechthild akajibu. "Nilikuwa nimeshaanza."

Hakuitwa tena. Hakufukuzwa, wala hakuna aliyemtukana. Ni kwamba watu huona taabu kumtazama usoni mtu waliyemkalia nyumba. Hilo marehemu aliwahi kulisema akimenya viazi, bila kuinua macho.

Tarehe 13 Mei 1961 alifunga ndoa na Aloys Ostendarp, dereva wa gari la mikate la kambi. Usiku wa kuamkia arusi, kama desturi yetu, majirani walikuja kuvunja vyombo mlangoni ili maharusi wafagie pamoja. Askari marafiki wa Aloys walifurahia sana mchezo huo. Walileta kreti nzima ya sahani kuukuu kutoka kwenye kabati ambalo hakuna aliyelitumia, wakazivunja zote wakishangilia. Agnes alitoka nje na taa kupongeza. Akainama, akaokota kipande, akakigeuza. Kilikuwa na ukingo wa bluu.

"Mechthild," akaita taratibu. "Njoo uone. Wameturudishia."

Askari hawakuelewa kwa nini kicheko kilikatika. Maharusi walifagia, kwani ndiyo desturi. Mtu angekasirika, lakini angemkasirikia nani? Wale vijana walikuwa wameleta zawadi.

Kuanzia mwaka 1963 hadi 1998 marehemu alifanya kazi jikoni katika shule ya watoto wa kambi. Watoto walimwita Shangazi Meki, na wengi wao, watu wazima sasa, wametuma salamu za rambirambi. Aliwajua waliokuwa wanalia kwa kuhamahama, akawakatia kipande kikubwa zaidi cha keki ya plamu. Aloys alitangulia mbele ya haki mwaka 2003.

Kambi ilipofungwa Machi 2009 kulikuwa na gwaride na hotuba, na marehemu alilia pamoja na watu wengine. Kesho yake alikwenda langoni. Alikuta mnyororo mpya. Akaiandikia ofisi iliyokabidhiwa kambi kuomba aingie, akajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Mwaka uliofuata likawa bado linashughulikiwa. Udongo ulipimwa, ofisi ikahama, aliyeshughulikia akastaafu. Nyumba ilikaa tupu, mapazia ya mtu mwingine yakioza dirishani. "Walipokuwepo Waingereza," alikuwa akisema, "angalau nilikuwa na wa kumlaumu."

Novemba 2018 kibali kilitoka hatimaye. Alivaa viatu vyake vya kanisani. Mjukuu wake Imke alimpeleka, mtoto kifuani. Kijana wa ofisi alikuwa anangoja na funguo mkononi, lakini hakufungua.

"Bi. Ostendarp, nisamehe sana. Wiki iliyopita tumekuta popo kwenye chumba cha chini. Wamelala mpaka majira ya baridi yaishe. Sheria hairuhusu kuwasumbua."

"Nitavua viatu."

"Hata hivyo, mama."

"Wao waliandika barua?"

"Nani?"

"Hao popo."

Kijana akasema atamfungulia mwezi wa nne, bila shaka.

"Mwanangu," marehemu akamwambia, "mama yangu aliambiwa usiku mmoja." Akashika waya wa uzio kwa muda, kisha akaomba arudishwe nyumbani, maana mtoto alikuwa anapata baridi.

Baada ya Krismasi moyo ulimchoka, miguu ikavimba, akalazwa. Hakulalamikia maumivu. Alilalamikia chakula cha hospitali, na kila asubuhi aliuliza leo ni tarehe ngapi. Alifariki Jumatatu tarehe 11 Februari 2019, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini. Popo bado wamelala.

Ameacha mdogo wake Elfriede, mwanawe Reinhold na mkewe Birgitta, binti yake Annegret, wajukuu Imke na Jannis, na kitukuu Tjark, mwenye miezi mitano. Ameacha pia nyumba Lerchenweg, ila hatujui amemwachia nani.

Neno la mwisho. Mnajua kwamba makaburi ya kwetu ni ya kupanga. Hili tumepewa kwa miaka ishirini na mitano, halafu jiwe huondolewa na nafasi hupewa mwingine. Tulipokuwa tukisaini, Reinhold aliuliza kama kuna lolote la kudumu, akaambiwa hapana. Basi tumekubaliana sisi wa familia, na tunasema mbele yenu wote mtushuhudie: muda ukiisha tutaongeza, na sisi tukiisha ataongeza Tjark.

Mama yetu, bibi yetu, lala kwa amani. Hapa hakuna atakayekuhamisha.