Tabasamu Baada ya Jeneza

Ndani ya boti ya mfereji wa Saen Saep, mwuza ndizi za kuchoma alimwambia mama aliyeketi kando yake, "Yule dada aliyekufa kwenye tamthilia jana kaniliza mpaka ndizi zikaungua! Eti alizaliwa mvulana."

"Ni mwanangu, Rungnapha. Ndiyo kwanza anaanza kuigiza."

"Weee! Na baba yake?"

"Akimwona tu kwenye TV, hutoka kulisha ndege. Jana alisimama mlangoni, akamwona jenezani."

Kwetu, anayeigiza maiti lazima atabasamu kabla ya kuinuka, kifo kisimzoee.

Mama akashusha sauti. "Hajawahi kumwita binti. Jana akaniambia, 'Mpigie simu, muulize binti yangu kama alitabasamu.'"

Boti ikagonga gati. Siku hiyo abiria, waliokuwa wametega masikio, hawakusukumana kushuka.