Kizulia cha Mlangoni

Kwenye basi hapa Winnipeg, Kanada, binti wa miaka kama kumi na minane alikuwa amekumbatia kizulia kipya cha mlangoni kama kichanga. Bibi mwenye mfuko wa viazi aliyeketi naye alishindwa kujizuia.

"Una nyumba, mwanangu, au una kizulia tu?"

"Nimepewa chumba, bibi! Leo asubuhi! Ile nyumba ya vijana wasio na pa kukaa. Nimefunga na kufungua mlango mara kumi na moja!"

"Na sufuria?"

"Sina."

"Basi utapikia kwenye kizulia?"

Mimi, niliyeketi nyuma yao, nilikuwa upande wa sufuria, ila hakuna aliyeniuliza.

"Bibi, sikia! Wafanyakazi wa pale lazima wabishe hodi, wangoje. Mmoja amebisha, nikamwambia, 'Ngoja!' Sikuwa nafanya chochote! Nimekaa kitandani nacheka, naye anangoja! Nilikotoka kote watu walikuwa wanaingia tu. Sasa anayengoja asimame wapi?"

"Sufuria kwanza," bibi alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Basi likasimama. Binti akarukia kwenye theluji na kizulia chake.

"Nikikuletea sufuria utanifungulia?" bibi akapaza sauti.

"Utangoja kwanza!"