Nilipokalia Kiti cha Maonyesho

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana nyinyi wa upande huu sikuwasikia. Mtaniwia radhi leo, wapendwa. Ushuhuda wangu una hasira ndani yake. Nimeiombea iondoke, haikuondoka, basi nimekuja nayo hivyo hivyo.

Wengi mnanijua, mimi Agnesi wa Mbweni, fundi wa kushona. Nimefundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na mama yake, na wote hao walishona mezani, wamekaa kitini. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitaambiwa na watu kuwa sisi asili yetu ni kushona chini.

Miaka ile wageni walipoanza kumiminika hapa kwetu, nilipata kazi Mji Mkongwe kwa bibi mmoja wa Kizungu aliyefungua kampuni ya kubuni nguo. Tukimwita Madam. Yeye anachora magauni na mashati ya kanga na vikoi, sisi tunakata na kushona, nyingine zinauzwa dukani chini na nyingine zinasafirishwa. Tulikuwa wanawake watupu, ghorofani, kila mtu na meza yake, kiti chake na cherehani chake cha miguu. Pangaboi linazunguka juu, redio inaimba. Ndugu zangu, nilisimama hapa hapa nikamshukuru Mungu kwa kazi ile, na mkanipigia vigelegele.

Sasa mchana mmoja akapanda juu mgeni mwenye kamera. Akamkuta Bi Mwanaidi, mkubwa wetu kwa umri pale kazini, keshakula, amekaa kwenye mkeka anapinda pindo kwa mkono. Akampiga picha. Madam alipoiona picha ile alipagawa nayo. Asubuhi ya pili tunafika, hakuna meza, hakuna viti. Imetandikwa mikeka, na juu ya mikeka vyerehani vya mkono, vile vya zamani vya kuzungusha mpini. Msimamizi wetu, Bwana Shaaban, akatueleza kwamba wageni wanapenda kuona kazi ya asili, kwa hiyo kuanzia leo tunashona chini.

Asili ya nani, jamani? Mkeka sisi tunaukalia tukila, tukisuka ukili, na tukienda msibani. Nani aliyemwona bibi yake amekunja miguu chini anashona gauni tangu asubuhi mpaka alasiri? Tuliulizana hayo sisi kwa sisi tu, mbele ya Bwana Shaaban tukanyamaza.

Pangaboi likazimwa, si la asili. Redio ikaondolewa. Saa za mkononi tuvue wageni wakija. Na Bi Mwanaidi, mwanamke mtu mzima, Muislamu mwenye heshima zake, mzaliwa wa Makunduchi, akaambiwa avue miwani. Fundi avue miwani! Basi wageni wakianza kupanda ngazi, Bwana Shaaban anapiga makofi, Bi Mwanaidi anaitia miwani kifuani na kuzungusha mpini bila ya kuona sindano iko wapi. Wageni wakishuka anaanza kufumua alichokishona. Na mimi, Mkristo wa Mbweni, nikajitanda mtandio mweusi na kupakwa hina, kwa sababu wageni ndivyo wanavyotarajia. Bi Mwanaidi aliniambia kuwa yeye mtandio anauvaa kwa ajili ya Mungu, si pambo la duka, na kwamba hapo tumedharauliwa sote wawili kwa mpigo mmoja.

Chumba kizima kilibaki na kiti kimoja. Kikubwa, cha mpingo, kimetiwa nakshi, kimetandikwa gauni la bei kali na kuzungushiwa kamba. Hicho ni cha maonyesho. Ruhusa yetu sisi ilikuwa kukipangusa vumbi.

Sasa, ndugu zangu, mnajua nilivyohangaika kupata mtoto. Mimba mbili ziliharibika, nanyi mlilia pamoja nami. Mwaka ule nikashika nyingine. Na mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini, jiko letu lilikuwa linawaka kwa mkono wangu. Nikakaa mkekani. Miguu ikavimba mpaka viatu vikanikataa, mgongo ukawa si wangu tena, na mimba ilipoingia mwezi wa tano nikaona damu. Nesi wa kliniki alinikemea vibaya sana. Alisema kushona nishone nikiwa kitini na miguu nimeiinua, vinginevyo na huyu nisimtarajie.

Nikamweleza Bwana Shaaban, naye akapeleka habari. Jibu likarudi kwamba Madam amenihurumia mno, ila kiti kitaharibu mandhari, kwa hiyo ameniazima mto. Mto wa kudarizi, kutoka dukani! Na jioni niurudishe mahali pake, tena nisiuchafue.

Nikaja kwenu. Nitasema kweli kwa sababu nipo mbele ya madhabahu. Mkaniambia nivumilie, kazi ni kazi, nimwombee bosi wangu Mungu amlainishe moyo. Nikaomba. Nikafunga. Mimba ya miezi mitano, miguu kama mitungi, nimefunga! Bi Mwanaidi aliponiona chakula cha mchana sikigusi akaniuliza sababu, nikamwambia.

"Hata sisi, Ramadhani yenyewe, mja mzito ana ruhusa ya kula," akasema. "Wewe nani kakwambia ufunge?"

Akanisogezea muhogo wake, nikala nikilia. Na niliendelea kumwomba Mungu, lakini nilikuwa nimemkasirikia. Nilimwambia kuwa moyo wa Farao aliushughulikia mwenyewe, huu wa Madam umemshinda nini?

Ikafika siku Madam alipoleta wanunuzi wakubwa kutoka nje. Tumepangwa mkekani, mitandio imenyooka, hina imekolea. Nikasikia tumbo. Yale maumivu nilikuwa nayajua, nilishayapata mara mbili. Mkono wangu ukaacha mpini. Bi Mwanaidi miwani hana, hakuniona, lakini alisikia cherehani changu kimenyamaza, akaniuliza kwa sauti ya chini kuna nini.

Wapendwa, wakati ule sikuomba. Sikupata hata neno la kuombea. Nilishika ukuta nikanyanyuka, nikapita katikati ya wageni, nikainua ile kamba, nikaliondoa gauni nikaliweka pembeni, nikakaa. Miguu nikaiweka juu ya robota la kanga. Na nilipoegemea mgongo tu, machozi yakanitoka kwa raha.

Madam akawa anasema huku ametabasamu kwa meno, Bwana Shaaban akanijia ananong'ona.

"Bi Agnesi, Madam anasema unyanyuke."

"Mwambie sinyanyuki. Nna mtoto."

Akabaki amesimama. Tangu nimjue, mtu yule alikuwa hajawahi kumpelekea Madam neno la kukataa. Bi Mwanaidi akaitoa miwani kifuani mbele ya wageni wote, akaivaa, akamtazama.

"Shaaban, mwambie kama alivyosema."

Akaenda akamwambia, kwa Kiingereza, na mimi Kiingereza sikijui. Nilichokiona ni wageni wanaitazama miguu yangu, kisha wanamtazama Madam. Mama mmoja kati yao akafungua chupa yake ya maji akanipa. Wakashuka, na hakuna aliyepiga picha.

Bwana Shaaban mwenyewe ndiye aliyenitafutia teksi. Hospitali walinilaza, na yaliyofuata nilihadithiwa na Bi Mwanaidi aliponitembelea. Anasema asubuhi ya pili walikwenda kazini na viti vyao kutoka nyumbani, wamejitwisha vichwani, wakapita navyo vichochoroni. Mmoja ana kiti cha plastiki, mwengine kigoda, na aliyekosa kabisa kabeba kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi! Watu wakawauliza harusi iko wapi. Madam alikuwa amesimama kwenye ngazi. Wakamwamkia vizuri, wakapanda. Naye alikuwa na nguo za wale wanunuzi za kumalizia, basi angewafukuza akashone na nani? Kufika mchana meza zikarudishwa. Pangaboi, lo, lilichukua muda zaidi, na nadhani mpaka leo linamchoma moyo.

Na miezi ilipotimia, mtoto akazaliwa. Akazaliwa mzima, analia kuliko wote wodini, na nesi aliyenikemea akaja kumbeba. Ni huyu Baraka anayewakanyaga miguu kila Jumapili.

Namshukuru Mungu. Sijui kama alimlainisha Madam, wala simuulizi tena. Najua alininyanyua mimi nikiwa sina hata sala mdomoni. Namshukuru pia kwa ajili ya Bi Mwanaidi, na mwenye kuona haya kumshukuru Mungu kwa ajili ya Muislamu na aone, mimi sioni haya. Na wewe uliye kazini, unayefanywa pambo la duka au la hoteli, mtegemee Bwana. Omba. Lakini akikupa nguvu ya kusimama, usimsubirishe.

Nilitaka nimalizie kwa wimbo. Lakini hapa nilipo naona mpaka mlangoni, na pale nyuma yupo mama mja mzito, amesimama tangu ibada ilipoanza, ameegemea ukuta. Na mabenchi ya mbele yamejaa kina baba wazima wa afya, wananiitikia amina. Hiyo amina ngojeni nayo kwanza. Nyanyukeni, mama akae.