Kafi la Pili

Chande: Haloo! Nani mwenzangu? Namba siijui hii.

Zuhra: Ni Zuhra.

Chande: Ah, mdogo wangu! Mbona—

Zuhra: Simu ya nesi hii. Yangu hupokei tangu juzi.

Chande: Mtandao wa huku Bangwe si unaujua— (mkwaruzo) Hata shikamoo leo huna?

Zuhra: Sina! Nipo wodini na mume wangu. Hajakojoa tangu jana asubuhi.

Chande: Hamdani?

Zuhra: Kwani ninao wangapi? Kwanza mkojo ulitoka mweusi kama koka, halafu ukakata kabisa. Uso umevimba, anatapika, pumzi inamkaba. Daktari akimuuliza kilichompata, anasema aliteleza kwenye boti yako.

Chande: Basi si kasema? Aliteleza.

Zuhra: Mtu anateleza mara ishirini, Chande? Nimemvua shati. Mgongo mzima—

Chande: Punguza sauti!

Zuhra: Sipunguzi!

Chande: Alilala zamu! Wavu wangu umesombwa na maji, watu kumi na wawili tumerudi mikono mitupu, yeye anakoroma! Ulitaka nimbusu? Mvivu yule, mwezi mzima hata kamba haivuti—

Zuhra: Ana ugonjwa wa figo, wewe! Mwaka wa pili huu! Huo uvivu unaousema ni figo!

Chande: Nani alijua?

Zuhra: Mimi na yeye.

Chande: Mkanificha mimi?

Zuhra: Ungemshusha botini siku hiyohiyo. Tungekula nini? Hilo kosa langu, nitalibeba. Sasa sikiliza. Daktari anasema mtu anaweza kuishi na figo mbovu miaka, anakunywa dawa zake tu. Ila kuna kitu kimezipiga ghafla. Akikijua mapema, zinaweza kurudi zilipokuwa. Hamdani alikunywa vidonge vyeupe vimefungwa kwenye karatasi. Nani kampa?

Chande: Mimi.

Zuhra: Vya nini?

Chande: Vya maumivu. Nilimhurumia, Zuhra, wallahi. Nikamtuma Bonifasi, kijana wa botini, duka la dawa. Diklofenaki, vinne kwa siku, siku tatu, kama ninavyokunywa mimi mgongo ukiniuma.

Zuhra: Uuwi! Ndivyo alivyokatazwa! Vinamuua! (kwa mbali) Nesi, diklofenaki! Siku tatu!

Chande: Mimi nilitaka apone, Zuhra...

Zuhra: Damu imejaa potasiamu, moyo unaruka ovyo. Kachomwa sindano ya kuulinda, na sasa wanamwingiza kwenye mashine ya kusafisha damu. Bado daktari anauliza alipigwa na nini. Anasema nyama ya mwili ikipondwa, uchafu wake unakwenda kuziba figo. Sema!

Chande: Ukisema kapigwa, watataka fomu ya PF3. Polisi hao.

Zuhra: Waje!

Chande: Mimi kaka yako wa tumbo moja—

Zuhra: Na yule baba wa wanangu! Anakufa huku anakuficha! Sema, la sivyo nakuja huko na panga, haki ya Mungu, hiyo mikono yako nitai— (mlio) Salio la nesi linaisha. Chande, ulimpiga na—

(Simu inakatika. Baada ya muda inaita.)

Zuhra: Haloo?

Chande: Nipe nesi.

Zuhra: Kaenda naye kwenye mashine. Kaniachia simu na karatasi.

Chande: Kalamu unayo?

Zuhra: Ninayo.

Chande: Andika Chande, wa Bangwe. Kwa kafi la boti. Mgongoni na mapajani.

Zuhra: (kwikwi) Kwa muda gani?

Chande: Mpaka likavunjika.

Zuhra: Basi?

Chande: (mkwaruzo) Nikaomba jingine. Wakanipa.

Zuhra: Nimeandika. Naikimbiza. Kwa heri.