Leseni ya Shangazi: Risala ya Mafundi wa Kabureta kwa Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa ofisi inayotoa leseni za mafundi. Mtahini mkuu uliyefuatana naye. Majirani zetu wa duka la matairi na wa kinyozi. Wateja, ndugu na jamaa:

Tunakusalimu kwa heshima zote. Kiti ulichokalia tumekiazima kwa kinyozi, kwa hiyo kikizunguka usishtuke. Harufu unayoisikia ni petroli na oili. Tumesugua sakafu siku mbili, imegoma kutoka. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Umekuja kutukabidhi leseni. Tumeziona pale mezani zimefungwa utepe, na tulizihesabu ulipokuwa ukinawa mikono. Ni kumi na tisa. Sisi tuko ishirini. Risala hii inahusu hiyo moja iliyopungua.

TULIKOTOKA

Gereji hii ilianzishwa miaka thelathini na moja iliyopita na fundi mmoja pamoja na dada yake. Kazi yao ilikuwa kurekebisha kabureta za pikipiki za zamani za mipigo miwili, zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi wa buluu. Viwanda viliacha kuzitengeneza, lakini wenyewe hawajaziacha. Mmoja amerithi ya baba yake, mwingine anabebea maziwa hadi leo. Zikikohoa, zinaletwa hapa.

Yule fundi alishafariki. Dada yake ndiye aliyekaa safu ya pili, mwenye ovaroli ya kijani iliyofuliwa mpaka ikapauka. Wawili kati yetu ni watoto wa kaka yake, wanamwita Shangazi, nasi wengine tukadakia. Sasa hata wateja wenye mvi kumshinda wanamwita Shangazi. Ni kiziwi tangu kuzaliwa. Binti wa kaka yake amesimama mbele yake, anamtafsiria kwa mikono kila neno ninalosoma.

TUNACHOJIVUNIA

Kwa asiyejua, kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Petroli ikizidi, injini inakohoa na plagi inatoka nyeusi, imelowa. Ikipungua, injini inachemka na plagi inatoka nyeupe. Ikiwa sawa, plagi inakuwa kahawia kama ganda la karanga. Kutafuta hiyo kahawia ndiyo kazi yetu, kwa jeti ya shaba yenye tundu unaloweza kuliziba kwa unywele, na kwa skrubu ya hewa unayoizungusha robo, kisha nusu ya robo.

Sisi wengine tunaitafuta kwa masikio. Shangazi huweka kiganja kwenye tangi, huuma mpini wa bisibisi ndefu, na ncha yake huigusisha kwenye silinda. Anafumba macho. Akiyafumbua, ameshajua. Kati yetu kumi na tisa tuliofaulu mtihani wako, kumi na mmoja tumefundishwa na yeye. Katika mtihani huohuo, sehemu ya kazi za mikono, aliyeongoza ni yeye. Karatasi ya matokeo bado iko ukutani, itazame.

KILICHOTUKWAZA

Desturi ya risala ni kuandika "changamoto" hapa. Wengine wetu walitaka tuandike "dhuluma". Tumekutana katikati.

Mtihani una sehemu ya kusikiliza. Injini inawashwa juu ya mpira mnene isitikise sakafu. Mtahiniwa anatazama ukuta, hagusi kitu, na baada ya dakika tatu anaandika kasoro aliyoisikia. Shangazi alionyeshwa ukuta, akaugeukia. Injini ikawashwa, ikanguruma, ikaanza kukwamakwama. Sisi dirishani tulishajua boya linalopima petroli ndani ya kabureta limetoboka. Yeye alisimama pale na kalamu yake, ametulia kabisa. Dakika tatu zikaisha, mtahini akamgusa bega. Ndipo akatugeukia dirishani, akauliza kwa mikono:

"Mbona hawaanzi?"



Barua ikaja wiki iliyofuata. Amepata sifuri. Kuanzia tarehe mosi haruhusiwi kugusa injini ya mteja, kwa sababu fundi asiyesikia ni hatari kwa usalama. Anaweza kubakizwa gerejini "kwa kazi za usafi". Mheshimiwa, barua hiyo ina sahihi yako. Tunaamini ulisaini nyingi siku hiyo. Lakini tuliisoma sote, na tulikasirika, na hasira haijatuisha.

Mtahini mkuu, na wewe usituelewe vibaya. Ulifuata kilichoandikwa. Sisi tunagombana na kilichoandikwa.

TUNACHOKIRI

Sehemu hii haimo katika risala za kawaida, ila bila hiyo mtasema tunamwonea huruma tu.

Miaka sita iliyopita mteja alilalamika kwamba pikipiki yake inafuka moshi mno, anaaibika mbele ya wakwe. Tukamwekea jeti yenye tundu dogo zaidi. Moshi ukapungua, na mlio, jamani! Ukanyooka, ukawa mkali na mtamu. Tulisimama duara tukiusikiliza.

"Sikia hiyo!" akasema Mwenyekiti wetu. "Hiyo haiendeshwi, hiyo inaposwa!"

Shangazi akaizima, akafungua plagi, akaiweka kwenye kiganja cha mmoja wetu. Nyeupe kama chaki. Akatikisa kichwa, akatuonyesha jeti ya zamani, akaonyesha ilipo pistoni, kisha akakunja ngumi akaikaza. Nasi tulimjibu vipi? Tulimwonyesha masikio yetu. Mafundi wazima, tukavuta masikio yetu mbele ya kiziwi, tukacheka. "Angesikia huyu, wala asingebisha!" Sikio la kufa halisikii dawa.

Hapa "sisi" inabidi ipumzike kidogo. Kile kiganja kilikuwa changu, na aliyeipanda kwenda kuijaribu ni mimi, katibu ninayesoma. Kilomita ya nne, mteremkoni, pistoni ikajamu, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, nami nikaruka mbele kama gunia. Mguu mliouona ukichechemea nilipokuja hapa mbele ndio huo.

Petroli ikipungua, na oili inapungua, maana vinakwenda pamoja. Injini ya namna hiyo hulia vizuri kuliko zote, dakika chache kabla ya kujiua. Kila fundi mwenye masikio analijua hilo, na kila mmoja limeshamdanganya. Shangazi halijamdanganya hata siku moja. Hospitalini alikuja kila Jumamosi, akakaa pembeni ya kitanda, hakuninyooshea kidole. Tangu hapo hakuna pikipiki inayotoka mlangoni kabla hajaiona plagi yake, na hakuna mtu aliyeanguka.

Kwa hiyo hatumwombei sadaka. Tunaogopa kupanda pikipiki ambazo yeye hajazigusa.

TUNACHOOMBA

Tunaomba kitu kimoja. Atahiniwe upya, akiruhusiwa kugusa. Hata leo. Nyuma yako kuna pikipiki tatu. Mtahini mkuu azichezee kabureta atakavyo, azibe jeti, apinde sindano, sisi tutatoka nje. Kisha Shangazi aingie. Akishindwa hata moja, hatutafungua tena midomo.

Mpaka hilo lifanyike, leseni hizi kumi na tisa hatuzipokei. Tumepiga kura. Mwenyekiti alisema, "Tufunike kombe mwanaharamu apite, tuchukue zetu kwanza." Tukamwuliza ni nani anayemwangalizia plagi zake. Akakuna kichwa, akanyoosha mkono pamoja nasi. Tunajua maana yake. Bila leseni, tarehe mosi gereji itafungwa, na wengi wetu tuna watoto shuleni. Tutakaa kwenye benchi lile la nje, wote ishirini, tukiwatazama wateja tunaowarudisha.

Shangazi hakuijua risala hii. Hatukumwonyesha, maana angeichana. Anaipata sasa hivi kwa mikono ya binti wa kaka yake, sambamba na wewe. Ukimwona anasimama kutukemea, tuvumilie. Tumemtii miaka yote, ila kwa hili hatumtii.

Mheshimiwa, utakapoinuka kuita majina, anza na lolote upendalo. Hakuna atakayeitika. Siku utakayoliita la kwake, tutasimama wote na kupunga mikono juu, kwa sababu makofi hayamfikii.

Mungu akulinde njiani, akujalie afya, na autie wepesi mkono wako uweze kufuta ulichoandika.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi wa Kabureta,
wanachama ishirini.