Woga Ulionishika Chini ya Uti wa Mgongo

Atukuzwe Mungu aliyenijalia kusimama mbele yenu, ndugu zangu, tena kwa miguu yangu mwenyewe!

Nimeomba nafasi hii ili nimshukuru Mungu, na pia ili niweke kumbukumbu sawa. Inasemwa hapa Matiri kwamba mimi, Mkristo niliyebatizwa, mtumishi mstaafu wa chama cha ushirika, niliponywa na miungu ya Kihindi. Nakanusha! Aliyeyasema hayo hakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Nilikuwa mkaguzi wa kahawa. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, ghala letu likabaki na popo, nasi tukastaafishwa kabla ya wakati wetu. Hapo ndipo woga uliponiingia. Haukukaa kichwani. Ulikaa chini kabisa ya uti wa mgongo, pale mtu anapokalia, wa baridi kama jiwe la mtoni, kisha ukashuka mapajani. Kila nilipokanyaga mteremko wa shamba langu, niliona ardhi inaniponyoka. Mimi, mzaliwa wa milima hii, nilishuka kwa makalio huku nikishikilia majani!

Woga huo ukawa mshauri wangu. Uliniambia mibuni itakauka, nyumba itaporomoka, wanangu watalala njaa. Uza, ukimbilie tambarare! Nikampata mnunuzi mmoja wa kahawa aliyelitamani shamba. Mke wangu, Mama Agatha, hakupiga kelele.

"Uza, Baba Agatha," alisema. "Ila kwetu mwenye kuuza hulizunguka shamba kwa miguu yake, majirani wakimwona. Hakuna kubebwa mgongoni."

"Unanidhihaki?"

"Nakukumbusha. Si wewe mtu wa taratibu?"

Siku ikafika, majirani wakakusanyika. Nilipiga hatua moja kuelekea mpaka wa juu, ardhi ikaniponyoka, nikaketi matopeni.

"Mzee," jirani mmoja akauliza, "mpaka wenyewe ndio huo?"

Walicheka. Mnunuzi akasema atarudi nikipata nafuu. Niliona aibu, ndugu zangu, lakini woga ulikuwa mkubwa kuliko aibu.

Nikakimbilia Chiwanda kwa dada yangu, nikiamini kwamba ufukwe wa Ziwa Nyasa, ulio tambarare, utaniponya. Niliingia majini kunawa miguu. Wimbi liliporudi likachota mchanga chini ya nyayo zangu, nikapiga yowe mbele ya akina mama waliokuwa wakianika dagaa wa usipa. Hapo nilitetemeka kuliko siku zote, maana nilielewa kwamba mteremko haukuwa na kosa. Woga nilikuwa nimesafiri nao!

Dada yangu akanipeleka zahanati, kwa Sista mmoja muuguzi, mzaliwa wa India. Aliniamkia kwa heshima, akanipima miguu, akaiona mizima.

"Mzee, unaogopa nini?"

"Ardhi, Sista," nikajibu, nikimwonyesha kwa kidole chini ya uti wa mgongo, pale woga ulipokaa.

Hakucheka. Alinieleza kwamba kwao wazee husema mwilini mna vituo vya nguvu viitwavyo chakra, na cha kwanza, cha mzizi, kipo pale pale nilipoonyesha kwa kidole. "Ndicho kinachomwambia mtu kwamba ana mahali pake," alisema. "Kikitikisika, huogopea chakula, nyumba, kazi, hata udongo."

"Hiyo si dini ya watu, Sista?"

"Kwa wengine ndiyo. Mimi unauona msalaba wangu, mzee. Nakuonyesha tu mahali woga ulipoketi. Wa kuuondoa unamjua."

Alinifundisha kama mtoto anayefundishwa kutembea. Vua viatu, usimame uani. Legeza magoti kidogo. Vuta pumzi ishuke polepole mpaka pale unapokalia. Sikiliza nyayo zako, kisigino hadi vidole. Woga ukija, usiukimbie wala usipigane nao. Rudisha mawazo kwenye nyayo. Usianze na mlima! Mimi nikaongeza Baba Yetu, pumzi kwa pumzi. Miungu iko wapi hapo?

Nilirudi Matiri wakati wa kuandaa ngoro, yale mashimo yetu yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Mnajua kazi ilivyogawanywa: mwanamume hulaza nyasi kwa miraba, mwanamke huzifukia kwa udongo. Mama Agatha hakuwa na wa kumlazia nyasi. Nikavua viatu, nikaanzia mraba wa chini kabisa, nikisikiliza nyayo zangu. Nilipouweza huo, nikapanda kwenye wa juu yake. Mara nyingine nilisimama hapo hapo nikilia, nikimwita Bwana, mpaka pumzi ishuke.

Mnunuzi akarudi. Majirani wakaja tena, pengine ili wacheke. Nikalizunguka shamba lote, pekupeku, mpaka wa juu na wa chini, kona kwa kona.

"Vema, mzee," mnunuzi akasema. "Sasa tuandikishane."

"Nimelizunguka ili nilijue," nikamjibu. "Siuzi."

Mama Agatha alikaa chini kwenye udongo, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Ndugu zangu, sitawadanganya: woga bado hunijia, nami bado naogopa ujio wake. Lakini haunikuti nikiwa peke yangu. Wewe uliyepoteza kazi, unayetetemeka na kuona aibu kusema, usiuze kitu siku ya hofu! Simama juu ya ardhi ya Mungu, umtaje Yeye aliyeiumba, umkabidhi miguu yako. Alinishika mimi, mzee mkaidi. Atakushika na wewe. Amina!