Kisima cha Mashariki ya Mlima

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenipa mimi, binti wa kwanza, kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, mchora ramani, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Penseli.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1939, mtoto wa tatu wa mwashi, akasoma shule kuanzia mwaka 1948 hadi 1955, na mwaka 1959 akaajiriwa ofisi ya ramani, chumba cha juu chenye madirisha mapana, alikoinamia meza miaka thelathini na mitano mpaka kila shati lake likatoboka kiwiko cha kulia. Viwiko hivyo ndivyo vilivyomfikisha kwa fundi cherehani, mama yetu, wakafunga ndoa tarehe 12 Agosti 1964 na kujaliwa watoto watatu, ingawa Mama alizoea kusema kwamba mumewe anajua kila bonde la nchi isipokuwa njia ya sokoni.

Mwaka 1968 alichora ramani aliyoipenda kuliko zote, ya mlima wa volkano na jangwa linalouzunguka, mistari ya miinuko ikiwa myembamba kama nywele za mtoto mchanga, na upande wa mashariki akaweka kisima alichokinakili kutoka ramani ya zamani, kwa kuwa wapimaji hawakufika huko na mkuu wake alikuwa na haraka. Mwaka 1974 dereva wa lori alikifuata kisima hicho, akakuta mawe matupu, akaokolewa siku ya tatu, na Baba aliporudi kutoka hospitali, alikokwenda kumwomba dereva radhi, alikaa jikoni akalia mbele yetu sote. Mkuu aliahidi kwamba toleo jipya litarekebisha kosa hilo, toleo halikuchapwa, watu wakamwambia maji yakimwagika hayazoleki, yeye akaamua kuyazoa. Kila likizo, na baada ya kustaafu mwaka 1994 kila wiki, alibisha hodi shuleni, maofisini na majumbani akitafuta nakala mia tatu zilizochapwa, akikikata kisima kwa wino mwekundu na kutia sahihi, naye alifikisha mia mbili sitini na moja.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, akafariki hospitalini tarehe 17 Juni 2021, saa nne asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono. Aliagiza kosa lake lisomwe leo, nami nilikataa, nikitaka azikwe na sifa tu, akanijibu kwamba sifa hazimkati mtu kiu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake, na dereva yule, aliyemsamehe kisha akamwendesha miaka ishirini katika msako wake. Mwenye ramani hiyo nyumbani tunamwomba atuone kabla hajaondoka.

Baba, lala kwa amani, hizo thelathini na tisa zilizobaki tutazitafuta sisi.